Kulipia kiti cha ndege: ni lazima, jamaa ikisafiri pamoja?

Ukinunua tiketi ya ndege, kwa intaneti ao kwa ajansi, unafika pahali unaulizwa: unataka kuchagua kiti? Kila kiti kina bei yake. Kwa mtu mmoja si shida sana. Lakini mama mwenye watoto watatu, anayebadilisha ndege mara moja njiani, atahesabiwa watu 4 mara ndege 2: viti 8. Kurudi, viti 8 tena. Asipolipa, anaogopa mutoto wa miaka 4 atakaa katikati ya watu asiowajua. Je, alipe?

Feza ile inalipia nini?

Tiketi yako tayari inakupa kiti. Hakuna mtu anasimama mu ndege. Unacholipia ni kujua mapema utakaa wapi. Zamani kiti, mzigo na chakula vilikuwa ndani ya bei moja. Mashirika ya bei ya chini ya Ulaya na Marekani yalitenganisha hivyo vitu ili bei ya tiketi ionekane ndogo, na makubwa mengi yakafuata. Njo maana tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi haikupi haki ya kuchagua kiti bure.

Usipolipa, kompyuta inakupangia kiti wakati wa kujiandikisha kwa safari. Inaweza kuwaweka pamoja, inaweza kuwatawanya.

Watoto je?

Hapa si mambo ya starehe tu, ni usalama. Ndege ikipaswa kutokwa haraka, mzazi hatakimbilia mlango. Atarudi kutafuta mutoto wake. Ndiyo maana mwongozo wa usalama wa Ulaya unasema mutoto akae mstari mmoja na mkubwa wake, na isipowezekana, wasitenganishwe zaidi ya mstari mmoja ao njia moja ya katikati.

Lakini juu ya feza, kila pahali na yake. Mwaka 2021, Italia iliamuru watoto wa miaka 2 mpaka 12 wawekwe karibu na mzazi bila malipo ya ziada. Kwa Ryanair, mkubwa mwenye mutoto chini ya miaka 12 analazimika kulipia kiti chake, kisha watoto mpaka 4 wanapewa viti karibu naye bure. Marekani, tangu 2023, wizara ya usafiri inaonyesha wazi ni mashirika gani yanaahidi kumuweka mutoto wa miaka 13 ao chini karibu na mzazi bila kulipa.

Mbele ya kutoa feza

- Nunueni tiketi zote pamoja, kwa namba moja ya rezavasyo. Mkinunua mbalimbali, kompyuta haijui kama ninyi ni jamaa moja.
- Hakikisha tarehe ya kuzaliwa ya kila mutoto imeandikwa vizuri.
- Uliza ajansi ao piga simu kwa shirika: "Watoto wangu watakaa na mimi bila kulipa?" Omba jibu kwa maandishi.
- Jiandikishe mara tu inapofunguliwa. Kwa mashirika mengi ni saa 24 ao 48 mbele ya safari.
- Angalia kila ndege ya njiani. Kiti ulicholipia mpaka Addis-Abeba hakikufuati mu ndege ya pili.
- Kama feza haitoshi, lipieni kiti cha mzazi mmoja na mutoto mdogo. Wakubwa wanaweza kutawanyika.
- Chunga risiti. Wakikuondoa kwenye kiti ulicholipia, dai feza yako irudishwe.

Mkitenganishwa hata hivyo

Semeni mapema, kwenye meza ya kujiandikisha ao mlangoni, mbele ya kupanda. Watu wakishakaa, kusogeza ni kazi. Ndani ya ndege, mwite mhudumu, yeye ndiye aombe. Abiria mwingine halazimishwi kuhama, labda naye alilipa. Mwombe kwa heshima, na umpe kiti kinacholingana na chake: dirisha kwa dirisha, si dirisha kwa katikati karibu na choo.

Wakubwa wawili wanaoweza kuachana kwa masaa machache, feza yao ibaki mfukoni. Mwenye mutoto mdogo aulize kwanza, kisha alipe kama jibu ni hapana.