Injinia kijana akipewa kalavati la Ilemba, taarifa anazitoa wapi?

Mvua kubwa ikinyesha upande wa mashariki wa Ufipa, maji yanateremka Lyamba lya Mfipa mpaka Bonde la Ziwa Rukwa. Sumbawanga mjini ni takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wakati ziwa liko karibu mita 800. Mteremko huo ndio unaofanya kijito kilichokuwa kikavu asubuhi kiwe mto jioni.

Ilemba, kata ya Wilaya ya Sumbawanga, iko huko bondeni. Kalavati likiwa dogo kuliko maji, barabara inakatika. Mgonjwa hafiki hospitali, mpunga na ufuta vinakwama shambani.

Kwa hiyo taarifa anazotumia injinia kijana kabla ya kuchora zinamgusa mkulima moja kwa moja.

Kazi ya kwanza: kujua cha kuuliza

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2004, uliwafuatilia wasanifu wapya wa sekta ya ndege. Ulionyesha kwamba walijua hasa wanachohitaji kujua katika asilimia 35 tu ya maswali waliyowauliza wazoefu.

Maana yake, intaneti inakujibu ulichouliza. Usichojua kuuliza, bando halikusaidii.

Taarifa zipo wapi?

Kwa kalavati la bondeni, vyanzo vikuu ni hivi:

• Mvua: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Kinachotafutwa ni mvua kubwa ya siku moja, miaka mingi mfululizo. Wastani wa mwaka hautoshi, kwa sababu kalavati linabomolewa na mvua ya saa chache.

• Mito: Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa, yenye ofisi zake Mbeya.

• Sura ya ardhi: ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000, pamoja na data za miinuko zilizopimwa kwa chombo cha anga cha Marekani Februari 2000. Hizi zinapatikana bure na zinafunguka kwenye programu ya bure ya QGIS. Hapo ndipo unajua eneo gani linamwaga maji kwenye kijito chako.

• Udongo: shimo lichimbwe, sampuli iende maabara. Matokeo yanasomwa pamoja na mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 wa usanifu wa tabaka za barabara na vifaa vya ujenzi. Udongo mweusi unaovimba ukilowa hauonekani kwenye picha ya setilaiti ya simu.

• Tetemeko: bonde hili ni sehemu ya Bonde la Ufa. Desemba 13, 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, moja ya makubwa kuwahi kurekodiwa Afrika. Kwa daraja au jengo, hilo ni la kuuliza mapema.

Kanuni nayo ina kwao

Vijito vingi vidogo havijawahi kupimwa, hivyo mainjinia hutumia kanuni za kukadiria. Mojawapo ni ile ya mafuriko ya Afrika Mashariki iliyotolewa na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza mwaka 1976. Msingi wake ni vipimo vya mabonde madogo ya Kenya na Uganda, siyo Ufipa.

Haina maana isitumike. Ila anayeitumia ajue imetoka wapi, kisha alinganishe jibu na hali ya eneo lenyewe.

Namba moja tu inabadilisha kila kitu. Chukua mfano wa darasani: eneo la kilomita za mraba 2, mvua ya milimita 60 kwa saa. Ukikadiria kwamba asilimia 30 ya mvua inatiririka, unapata mita za ujazo 10 kwa sekunde. Miti ikikatwa na kiwango kikafika asilimia 50, zinakuwa karibu 17. Kijito ni kilekile, ila kalavati la kwanza halitoshi tena.

Mzee wa kijiji naye ni chanzo

Hapa simu inawekwa mfukoni. Unaanza na shikamoo, unakaa, ndipo unauliza. Swali la "mafuriko huwa makubwa?" halileti kitu. Uliza maji yalifika wapi, mwaka gani, na aonyeshe alama: ukuta, mti, au mlango wa nyumba.

Alama ile inapimwa kimo na kuingizwa kwenye hesabu. Wazee wawili watatu wakionyesha sehemu ileile bila kukaa pamoja, una data. Wakipishana sana, endelea kuuliza.

YouTube na akili bandia je?

Zinasaidia kujifunza programu au kuelewa hatua ya hesabu. Hatari ni kunakili kiwango cha nchi nyingine, au mchoro wa mradi mwingine, bila kuangalia mvua na udongo wake. Akili bandia inaweza pia kutaja kifungu cha mwongozo ambacho hakipo. Fungua mwongozo wenyewe.

Mzoefu bado anahitajika

Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) inaendesha tangu mwaka 2003 mpango wa SEAP, ambapo mhitimu anafanya kazi miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu. Faida yake kubwa ni kuwa karibu na mtu anayeweza kusema, "Hujauliza habari ya mchanga unaoletwa na maji."

Kwenye kila mchoro, andika namba imetoka wapi, ya mwaka gani, na nani aliionyesha. Kalavati likija kuzidiwa, anayekuja kulirekebisha ataanzia hapo.