Chumba Kilichogeuka Namba: Historia ya Mwangwi hadi Kalerwe

Tangu zamani, mtu aliyetaka sauti yake ivume alifuata mahali panapovumisha: pango, msikiti, kanisa. Leo fundi wa studio ndogo mtaani Kalerwe, kaskazini mwa Kampala, hurekodi katika chumba kidogo kisicho na mvumo, kisha huchagua ukumbi kwenye kompyuta. Insha hii inadai kwamba teknolojia haijafuta swali la mwanzo: sauti hii inatoka wapi?

Swali hilo lilianza kupata kipimo mwaka 1895, Wallace Sabine alipotakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambamo maneno ya mhadhiri yalipandana. Kwa kuhamisha mito ya viti na kuhesabu sekunde, aligundua kwamba mwangwi hurefuka kadiri chumba kinavyokuwa kikubwa, na hufupika kadiri vitu vya kufyonza sauti vinavyoongezeka. Mwaka 1957 kampuni ya EMT ya Ujerumani ilileta bamba la chuma badala ya chumba. Mwaka 1962 Manfred Schroeder, wa Bell Labs nchini Marekani, alieleza jinsi ya kuunda kwa hesabu mwangwi unaosikika kama wa asili. Mwaka 1976 ikatoka EMT 250, mashine ya kidijitali. Chumba kikawa namba.

Hata hivyo, namba hizo bado ni kuta. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo ukuta ulio umbali wa mita 3.4 huirudisha baada ya milisekunde 20. Fundi anayetaka wimbo usikike kama wa sebuleni huweka mwangwi mfupi, usiofika sekunde moja, huupunguzia besi, na huutia kidogo tu, kiasi kwamba msikilizaji huugundua unapoondolewa.

Uzito wa jambo hili unaonekana Mengo, kilomita chache kutoka Kalerwe. Mwaka 1950 na 1952 Hugh Tracey alirekodi muziki wa kasri la Kabaka, zikiwemo ngoma za entenga. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilivamia kasri hilo, na wanamuziki wake wakatawanyika. Anayezivika rekodi hizo mwangwi wa kanisa kuu huzipa mahali ambapo hazikuwahi kupigwa. Kwa mwanahistoria, mwangwi ni ushahidi, kama ilivyo tarehe juu ya barua. Ukibadilishwa bila kuelezwa, barua nzima hupotosha.