Ng'ambo Mbili: Mafundi wa Filamu, Tuzo na Kisiwa cha Unguja



Neno ng'ambo lina maana mbili ambazo Mzanzibari huzitumia siku moja bila ya kuzichanganya. Akisema anakwenda Ng'ambo, anakusudia kuvuka Darajani na kuingia Mchangani, Vikokotoni, Mlandege au Kisiwandui, yaani upande wa pili wa ile pwani iliyokuwa ikiutenga Mji Mkongwe na mitaa ya watu wa kawaida, na ambayo imekwisha kufukiwa na kupitiwa na barabara. Akisema mwanawe yuko ng'ambo, basi huyo mwana yuko Ulaya, Uarabuni au Marekani. Katika maandishi tofauti ni herufi kubwa. Katika mazungumzo hata hiyo haipo, na bado hapana anayepotea njia. Mhadhara huu unazihusu ng'ambo zote mbili, na unawahusu watu ambao nao, kwa namna yao, huishi upande wa pili: mafundi wa filamu, wale wanaosimama nyuma ya kamera, mbele ya meza ya uhariri au kando ya mashine ya sauti, wasioonekana na mtazamaji.

Naanzia ng'ambo ya mbali. Usiku wa tarehe 24 Februari 2019, mjini Los Angeles, zilitolewa tuzo za 91 za Oscar. Filamu iliyoondoka na tuzo nyingi zaidi usiku ule, nne, ilikuwa Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, inayosimulia maisha ya mwimbaji Freddie Mercury. Hapa kwetu habari ilipokewa kwa furaha, kwani mwimbaji huyo alizaliwa mjini Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa jamii ya Waparsi, na baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Farrokh alipelekwa skuli Uhindi, akarejea, na baada ya Mapinduzi ya 1964 aliondoka pamoja na wazee wake kwenda Uingereza.

Magazeti yalimtaja Rami Malek, aliyepata tuzo ya mwigizaji bora. Lakini tuzo tatu kati ya zile nne hazikuwa za uigizaji. Moja ilikuwa ya uhariri wa filamu, akapewa John Ottman. Ya pili ya uhariri wa sauti, wakapewa John Warhurst na Nina Hartstone. Ya tatu ya uchanganyaji wa sauti, wakapewa Paul Massey, Tim Cavagin na John Casali. Watu sita ambao pengine hapana hata mmoja katika ukumbi huu aliyepata kuwasikia.

Kazi yao yafaa kuelezwa, kwa kuwa ndiyo kiini cha hoja yangu. Mwongozaji aliyeianza filamu hiyo aliondolewa kabla ya kuimaliza, na mwingine akaikamilisha. Mhariri ndiye aliyepaswa kuishona kazi ya mikono miwili iwe nguo moja. (Wapo waliomcheka Ottman kwa sababu ya onyesho moja linalokatwakatwa mno, na yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba halikumpendeza. Tuzo haimfanyi fundi kuwa malaika.) Kuhusu sauti, tamasha la Live Aid la Julai 1985 liliundwa upya katika kiwanja cha ndege cha zamani, Bovingdon, nje ya London, mbele ya umati mdogo ulioongezwa kwa mitambo. Umati wa namna hiyo hauwezi kunguruma kama Wembley. Kwa hiyo mafundi walikwenda kwenye tamasha la Queen katika ukumbi wa O2, wakarekodi makofi na uimbaji wa hadhira halisi, wakavipandikiza chini ya picha. Uimbaji wa Mercury mwenyewe nao uliunganishwa na wa mwimbaji mwingine na wa mwigizaji pale ilipohitajika, mpaka sikio lisitambue mshono.

Filamu hii ya mtoto wa Unguja, hata hivyo, haimpeleki mtazamaji Unguja. Hakuna adhana, hakuna muuza kahawa anayegonganisha vikombe, hakuna Kiswahili cha uchochoroni ambacho mtoto yule hakika alikisikia. Siwalaumu mafundi wale sita. Walipewa picha za London wakazitengenezea sauti za London. Ninachosema ni kwamba ng'ambo ya mbali ilimchukua mtu wetu, ikamtengeneza upya kwa ufundi wa hali ya juu, ikajituza, na katika mlolongo wote huo kisiwa hakikuhitajika.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1986 Out of Africa, iliyopigwa nchini Kenya, ilipata Oscar saba, miongoni mwake za upigaji picha, mandhari, muziki na sauti. Usiku ule ule wa 2019 Ruth E. Carter alipata tuzo ya mavazi kwa Black Panther, na wekundu wa walinzi wa kike katika filamu hiyo ulichotwa, pamoja na kwingineko, kwa Wamasai. Afrika ya Mashariki imekuwa ghala la malighafi za tuzo kwa muda mrefu.

Tuzo za ufundi zenyewe, ikumbukwe, hazikushuka zikiwa kamili. Oscar zilipoanza mwaka 1929 zilimtambua mpigapicha na msanifu wa mandhari. Sauti ilitambuliwa mwaka 1930, uhariri na muziki mwaka 1935, mavazi mwaka 1949. Urembaji wa nyuso ulisubiri hadi mwaka 1982 kupata tuzo ya kudumu, na uteuzi wa waigizaji uliamuliwa mwaka 2024 kwamba utatuzwa kuanzia filamu za 2025. Hivi kweli kabla ya 1949 waigizaji walitembea bila ya nguo? Fundi cherehani alikuwapo. Lililokosekana ni watu kukubaliana kwamba kazi yake ina jina, kwamba jina hilo laweza kuandikwa, na kwamba aliyeandikwa anaweza kupimwa na kusifiwa. Kwa wanafunzi wa lugha habari hii si ya pembeni.

Sasa na turejee Ng'ambo ya karibu, tuulize kama nayo ilikuwa na mafundi wa aina hii. Ilikuwa nao kabla haijawa na filamu. Mwaka 1928, mwaka ule ule ambao wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi za viwanja, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyehamia mjini na kuishi Ng'ambo, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Sote tunamjua Siti. Marehemu Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na jina lake limepewa majengo na vyama. Lakini santuri ile haikuimbwa na mtu mmoja. Walikuwapo Subeti Ambari, Mbaruku Talsamu, Budda Swedi na Maalim Shaabani, wapigaji na watunzi, ambao majina yao huandikwa kwa tahajia hii leo na ile kesho, kwa kuwa hakuna aliyeyahitaji mara kwa mara kiasi cha kuyazoea. Na yule aliyeiweka ala hapa na mwimbaji pale ili sindano ya santuri ipokee vyote kwa uwiano? Huyo hata tahajia mbili hana.

Sinema nayo ilikuwa ng'ambo ya pwani kwa mkaazi wa Ng'ambo. Royal, iliyojengwa Vuga mwaka 1921, ikaungua mwaka 1954, na Majestic iliyosimama mahali pake mwaka 1955, zote zilikuwa upande wa mawe, na watazamaji wa mitaani walivuka jioni kuzifuata. Walitazama filamu za Bombay na za Misri, wakarudi wakiimba nyimbo zake. Wazee waliozihudhuria huwakumbuka waigizaji na waimbaji kwa majina. Wa mtambo, aliyebadilisha magurudumu ya filamu gizani bila ya skrini kuzimika, humkumbuka pale tu ilipozimika, kwa kelele alizopigiwa.

Mwaka 1966 kisiwa kiliingia katika filamu iliyotuzwa kwa njia ambayo wengi wetu tungependelea tusiizungumze. Filamu ya Kiitaliano Africa Addio, ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, ina picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Unguja mnamo Januari 1964: watu wakiwa katika safu, wengine wakikimbilia pwani, na maiti. Kamera ilikuwa ya Antonio Climati, muziki wa Riz Ortolani. Mtayarishaji wake, Angelo Rizzoli, alipewa David di Donatello, tuzo kubwa ya filamu nchini Italia. Filamu hiyo imelaumiwa kwa haki kuwa inamdhalilisha Mwafrika. Hata hivyo picha zake zimeendelea kutumiwa kama ushahidi katika mabishano kuhusu Mapinduzi, wengine wakizishika kama msahafu, wengine wakizitupa zote. Mimi nadhani pande zote mbili zimesahau kuisikiliza. Kamera iliyo angani haisikii. Kila sauti iliyomo katika sehemu ile, maelezo na muziki, iliongezwa baadaye na watu ambao hawakuwa chini. Wakati huohuo, ardhini, sauti ya siku zile ilikuwapo: ilitoka Ng'ambo, katika kituo cha redio cha Raha Leo kilichotangaza Mapinduzi, kwa Kiswahili. Picha zikabaki bila ya sauti yao, na sauti ikabaki bila ya picha yake. Mwanahistoria anayeitumia filamu ile bila ya kumuuliza fundi sauti alifanya nini anaisoma nusu ya waraka.

Hiyo ndiyo sababu filamu ya Vuta N'kuvute ya mwaka 2021 ina uzito kwetu kupita hesabu ya medali. Riwaya ya Adam Shafi, iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1999, inajulikana na kila mwanafunzi hapa: Yasmin anamkimbia mume mzee, anapokewa na Mwajuma Ng'ambo, anakutana na Denge na siasa zake. Amil Shivji aliigeuza kuwa filamu, ikapigwa Unguja, ikazungumza Kiswahili, na ikaoneshwa Toronto Septemba 2021. Mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka Oscar, miaka ishirini na mmoja baada ya Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill kupelekwa mwaka 2001. Hakuna kati ya hizo mbili iliyoingia katika orodha ya wateule. Mwajuma aliigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa Unguja, hata uimbaji katika filamu ukawa na kwao.

Nimesoma insha kadhaa za wanafunzi kuhusu filamu hii, na nasema kwa upendo kwamba karibu zote zingeweza kuandikwa na mtu aliyeisoma riwaya tu. Zina dhamira, zina wahusika, zina ujumbe na falsafa ya mwandishi. Vifaa vya uhakiki tuliowafundisha ni vya kitabu, nao wameipima filamu kwa pishi ya kitabu. Mwandishi wa riwaya akiandika neno kibanda, amemaliza. Msomaji atajijengea chake. Katika filamu neno hilohilo humwangukia mtu. Lazima aamue paa ni la makuti au la mabati, taa ni chemni au karabai, kitanda cha kamba kiwe upande gani wa mlango. Neno usiku humwangukia mpigapicha, na neno kelele humwangukia fundi sauti, ambaye hana budi kuzifuta pikipiki na majenereta ya karne hii ili ibaki miaka ya 1950. Karibu kila nomino ya Shafi imegeuka kuwa ajira ya mtu fulani.

Chukueni kanga. Riwaya yaweza kusema mwanamke amejifunga kanga, na sentensi ikaendelea. Mtu wa mavazi hawezi kuendelea. Kanga ina pindo, ina mji, na ina maneno, na maneno yatasomeka kwenye skrini iliyo kubwa kama ukuta. Jina hilo liwe la fumbo lipi, na linamlenga nani katika onyesho lile? Liandikwe kwa herufi za Kiarabu, kama kanga za zamani zilivyoandikwa, au za Kilatini zilizokuja kuzipokea? Lahaja iwe ya Kiunguja au usanifu wa baada ya uhuru utaponyeza humo bila ya kubishwa? Haya ni maswali ya isimu, ya fasihi simulizi na ya historia ya maandishi, na yamejibiwa, vizuri au vibaya, na mtu aliyekuwa na pini mdomoni na mwigizaji anayesubiri mbele yake. Idara zetu zina wataalamu wa majina ya kanga. Sijui mmoja wao aliyepata kuitwa kwenye chumba cha mavazi, wala mmoja aliyebisha hodi.