Somo Tangulizi: Kwa Nini 240 na 240 Huzaa 415

Kila fundi wa stima kati ya Naivasha na Molo anazijua namba mbili: 240 na 415. Ya kwanza ni volti za soketi ya nyumbani. Ya pili ni volti zinazoendesha mota ya kinu cha kusaga unga, zikipimwa kati ya waya mmoja wa fezi na mwingine. Kila waya wa fezi ukipimwa dhidi ya nyutro hutoa 240. Mbona basi nyaya mbili za fezi zikipimwa pamoja hazitoi 480?

Jibu halipatikani kwenye waya. Linapatikana katika hesabu za pembe, somo ambalo mwanafunzi wa stashahada hulipitia mapema, mara nyingi kwa kulalamika: mimi nimekuja kusomea umeme, hizi pembetatu ni za nini? Somo kama hilo, linalosomwa kwanza ili jingine lieleweke, tuliite nini kwa Kiswahili?

Wengi husema “sharti”. Neno hilo ni sahihi katika ofisi ya usajili, lakini linapotosha darasani. Sharti hutimizwa tu. Mganga humpa mgonjwa masharti, naye huyafuata bila kuuliza sababu. Mwanafunzi akiambiwa kwamba hesabu ni sharti la uhandisi, atatafuta alama ya kupita, kisha atalifunga daftari kana kwamba amelipa ushuru.

Wengine husema “somo la msingi”. Hapa Nakuru, neno msingi lina uzito wake. Sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya majivu ya volkano, na mvua kubwa imewahi kufungua nyufa ardhini, kwa hiyo mwenye kujenga hapa hafanyi mzaha na msingi. Lakini kwa Mkenya, elimu ya msingi ni ya watoto, na kijana wa miaka 20 hatapenda kusikia kwamba amerudishwa huko. Tena msingi hufukiwa. Ukishamwaga zege huuoni tena, ilhali hesabu za pembe utazitumia hadi siku ya kustaafu.

Napendekeza “somo tangulizi”. Kwa wingi, masomo tangulizi. Ukoo wa neno hili tunaujua: tangulia, tanguliza, mtangulizi, utangulizi. Aliyetangulia njiani yuko katika safari ileile na wewe. Amekupita hatua chache tu, na ukimfuata utajua pa kukanyaga. Neno hili pia hukubali kufanyiwa kazi bila shida. Tutasema kwamba hesabu za pembe hutangulia umeme wa fezi tatu, na kwamba mwalimu ametanguliza kalkulasi kabla ya nadharia ya joto na mvuke. Nadharia hiyo ndiyo inayoeleza mitambo ya jotoardhi ya Olkaria.

Turudi kwenye kinu chetu. Chukua rula na kipimapembe. Chora mstari wa sentimita 6, kila sentimita iwe volti 40. Hiyo ni 240, fezi ya kwanza. Kutoka mwanzo wa mstari huo, chora mwingine wa sentimita 6, ukiacha pembe ya nyuzi 120 kati yao, kwa kuwa fezi tatu zimegawana duara la nyuzi 360 sawasawa. Sasa unganisha ncha mbili zilizobaki na upime: utapata takribani sentimita 10.4. Zidisha kwa 40. Ni 416, yaani 415 yetu, na tofauti ndogo ya kukadiria. Hesabu kamili ni 240 mara kipeuo cha pili cha 3, ambacho ni takribani 1.732. Fundi aliyekariri 415 atafunga mota hii. Aliyeichora pembetatu ataweza kukadiria hata mtambo ambao hajawahi kuuona.

Na kumbe Kiswahili kilishatueleza. Neno uhandisi limetokana na Kiarabu, handasa, ambalo maana yake ni jiometria na pia uhandisi, na asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Anayesema anataka uhandisi lakini hataki maumbo wala pembe, hajalisikia neno analolitamka.

Kwa vijana wa Bonde la Ufa jambo hili si la msamiati tu; linagusa pia miaka yao ya masomo. Hadi mwaka 1989, Kenya ilikuwa na Kidato cha Tano na cha Sita, miaka miwili ya kujiandaa kwa chuo kikuu. Mfumo wa 8-4-4 ukaiondoa. Tanzania, yenye vidato hivyo hadi leo, hufundisha shahada ya uhandisi kwa miaka 4. Kenya huchukua 5. Aliyekosa wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE lakini akapata C- anaweza kuanza stashahada katika chuo cha ufundi mjini Nakuru, kisha akaomba nafasi ya shahada. Asione haya kwa njia hiyo. Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, kilianza mwaka 1939 kikiwa shule ya kilimo, kikawa chuo cha kilimo mwaka 1950, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986, na chuo kikuu kamili mwaka 1987. Nacho kilikuwa na hatua zake tangulizi.

Wahenga walionya kwamba kutangulia si kufika, na ni kweli: kufaulu hesabu hakumfanyi mtu mhandisi. Ila walimu wenzangu, mnapoandika orodha ya masomo, msiishie kwenye jina la somo tangulizi. Andikeni kando yake linatangulia nini. Nawe mwanafunzi, usipoliona jibu hilo limeandikwa, uliza kabla hujafungua daftari.