Katavi: Watu waongezeka maradufu, nyumba nafuu bado kitendawili

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

MKOA wa Katavi ndio ulioongoza nchini kwa kasi ya ongezeko la watu kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya mwaka 2022. Katika kipindi hicho wakazi wake walitoka 564,604 na kufikia 1,152,958, sawa na ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka. Wastani wa taifa zima katika miaka hiyo ulikuwa asilimia 3.2.

Ili msomaji apate picha kamili, nchi inayokua kwa asilimia 3.2 huhitaji takriban miaka 22 kuongeza watu wake maradufu. Katavi umefanya hivyo kwa miaka kumi tu.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwendo huo ni mpya. Mwaka 2002, eneo hili lilipokuwa bado Wilaya ya Mpanda ndani ya Mkoa wa Rukwa, lilikuwa na watu 412,683. Kutoka hapo hadi mwaka 2012, mkoa ulipoanzishwa rasmi, ongezeko lilikuwa karibu asilimia 3.2 kwa mwaka.

Swali linalofuata ni jepesi kuliuliza lakini gumu kulijibu: watu wote hawa wanalala wapi, na nyumba wanazolala zinagharimu nini?

Swali hilo haliishii Mpanda mjini. Linagusa pia kata za vijijini kama Sibwesa, iliyoko katika Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika, ambayo zamani ilijulikana kama Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda. Mwaka 2012 halmashauri hiyo ilikuwa na watu 179,136, ilhali Mji wa Mpanda ulikuwa na watu 102,900. Kufikia mwaka 2022 idadi hizo zote mbili zilikuwa zimezidi mara mbili.

Wanatoka wapi?

Historia ya Katavi ni historia ya watu kuhamia. Wenyeji wa asili wa maeneo haya ni pamoja na Wabende, Watongwe, Wapimbwe na Wakonongo, ambao kwa karne nyingi waliishi kwa kutawanyika katika misitu ya miombo. Ardhi ilikuwa nyingi na watu walikuwa wachache.

Wimbi la kwanza kubwa la wakati wa ukoloni lililetwa na madini. Mgodi wa risasi wa Uruwira ndio uliosababisha kujengwa kwa tawi la reli kutoka Kaliua, mkoani Tabora, lililofika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na mji ukabaki pamoja nayo.

Wimbi la pili lilitoka Burundi. Kufuatia mauaji ya mwaka 1972, maelfu ya wakimbizi walipewa hifadhi katika makazi ya Katumba na baadaye Mishamo, yote mawili yakiwa ndani ya Katavi ya leo. Zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo, wakiwamo wa Ulyankulu mkoani Tabora, walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na mwaka 2014 Serikali ilianza tena kuwagawia vyeti vyao baada ya zoezi hilo kusimama kwa muda.

Uraia huo ulibadili pia suala la nyumba. Mkimbizi hujenga kwa tahadhari kwa sababu hajui kesho atakuwa wapi. Raia huezeka bati, huchimba kisima na kupanda miembe uani.

Wimbi la tatu, ambalo ndilo hasa lililopandisha takwimu, ni la wakulima na wafugaji kutoka Tabora, Shinyanga, Mwanza na mikoa jirani. Wamefuata malisho, mvua za uhakika na ardhi ya mahindi, mpunga na tumbaku. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao wameongeza idadi hiyo.

Hapana budi kukumbuka pia kwamba Katavi haukui kwa wahamiaji pekee. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mikoa yote. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Kwa mtazamo wa makazi, maana yake ni kwamba familia mpya huanzishwa mapema, mara nyingi kabla wenye familia hiyo hawajapata kipato cha kujengea hata chumba kimoja.

Barabara nazo zimechangia. Kwa miaka mingi safari ya Tabora hadi Mpanda wakati wa masika ilikuwa adhabu, na abiria wengi walitegemea treni. Barabara ya lami kupitia Sikonge na Koga imebadili hali hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020, na upande wa magharibi kumejengwa bandari ya Karema katika Ziwa Tanganyika kwa ajili ya biashara na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Palipo na barabara na bandari, bei ya kiwanja haikai chini.

Nafuu kwa nani?

Katika nchi tajiri kuna kipimo kinachotumiwa sana: kaya ikitumia zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake kwa kodi au mkopo wa nyumba, huhesabiwa kuwa imelemewa. Huko Australia, kwa mfano, kipimo hicho hutumika kueleza masaibu ya miji midogo ya mikoani iliyovamiwa na watu waliokimbia bei za Sydney na Melbourne, hasa baada ya janga la Uviko-19.

Kwa mkulima wa Sibwesa kipimo hicho hakina maana kubwa. Yeye hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ana msimu.

Tumbaku ikinunuliwa na malipo yakifika kwa wakati kupitia chama cha msingi, msingi wa nyumba unachimbwa. Mwaka unaofuata kuta zinapanda hadi kwenye lenta. Malipo yakichelewa, au bei ya mahindi ikianguka, boma linabaki boma, na nyasi zinaota ndani yake. Anayepita barabarani akayahesabu maboma hayo anaweza kudhani wenyewe wamehama, kumbe wanasubiri mavuno.

Kwa hiyo nyumba ya kijijini hulipiwa kidogo kidogo, bila benki na bila riba, lakini kwa gharama nyingine: muda. Familia inaweza kuishi miaka mitano au zaidi katika kibanda cha udongo na nyasi pembeni ya nyumba isiyokwisha.

Matofali ya kuchoma hayawi tatizo kubwa. Udongo upo, maji ya mto yapo, vijana wa kufyatua wapo. Tatizo ni vitu vinavyotoka nje ya mkoa: saruji, nondo, mabati, misumari na rangi. Viwanda vya saruji viko Mbeya, Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na kila kilomita huongezwa kwenye bei ya mfuko. Hivyo mwananchi wa Katavi, ambaye kwa kawaida ana kipato kidogo kuliko wa Dar es Salaam, hujikuta akinunua saruji kwa bei kubwa zaidi.

Hata hayo matofali yana bei isiyoonekana. Tanuri huchomwa kwa kuni, na kuni hutoka katika miombo ileile inayokatwa kukaushia tumbaku kwenye mabani.

Benki ziko mbali

Mtumishi wa umma angetarajiwa kuwa na njia nyepesi zaidi. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC kwa ajili ya kuzipatia benki fedha za kukopesha kwa muda mrefu. Hata hivyo, mikopo hiyo bado ni chini ya asilimia moja ya pato la taifa.

Tufanye hesabu. Mkopo wa Sh50 milioni kwa riba ya asilimia 15, ukilipwa kwa miaka 20, unadai marejesho ya takriban Sh658,000 kila mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa Serikali, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni Sh500,000. Mkopo wa Sh30 milioni kwa masharti hayohayo unadai karibu Sh395,000, ilhali utaratibu wa kumwachia mtumishi theluthi moja ya mshahara wake unaruhusu makato yasiyozidi Sh333,000 hivi kwa mwenye mshahara huo.

Kwa maneno mengine, mtumishi wa ngazi ya chini hawezi kununua nyumba ya Sh30 milioni kwa mshahara wake pekee. Mwalimu na muuguzi wanapata zaidi ya hapo, lakini nao wana mikopo mingine, ada za watoto na wazazi wa kutunza.

Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lililoanzishwa mwaka 1962, lilijenga nyumba zilizoitwa za gharama nafuu katika eneo la Ilembo mjini Mpanda na Inyonga wilayani Mlele. Kilio cha shirika hilo kwa miaka mingi kimekuwa kwamba gharama za kupeleka barabara, maji na umeme kwenye mradi, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, huishia kwa mnunuzi. Ni hoja ya kweli, ingawa kwa maoni ya mwandishi huyu haielezi kwa nini miradi hiyo huanza na nyumba kamili badala ya kiwanja kilichopimwa chenye bomba na nguzo ya umeme, ambacho mwananchi angejijengea polepole kama alivyozoea.

Ardhi ya kijiji

Sibwesa na kata nyingine za vijijini zinaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Chini ya sheria hiyo, ardhi husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mgeni anayetaka eneo hana budi kuomba kwa halmashauri hiyo, huku mkutano mkuu wa kijiji ukiwa na kauli katika ugawaji.

Mfumo huo unamlinda mwenyeji, na kwa muda mrefu ndio uliofanya kiwanja cha kijijini kipatikane kwa bei ndogo. Udhaifu hujitokeza wageni wanapokuwa wengi. Ardhi inauziana kwa karatasi ya mkono mbele ya mashahidi wawili, bila mkutano. Eneo moja linauzwa mara mbili. Vijana wa kijiji, wakifikia umri wa kuoa, wanakuta sehemu iliyokuwa yao imekwisha kugawanywa.

Hati ya haki miliki ya kimila ingeweza kupunguza migogoro hiyo, lakini kuipata kunahitaji kijiji kiwe na cheti cha ardhi na mipaka isiyogombaniwa. Na hata ukiwa nayo, benki nyingi huitazama kwa shaka kama dhamana ya mkopo.

Wengine wamejenga ndani ya hifadhi za misitu, ama kwa kujua ama kwa kuuziwa na watu wasiokuwa na mamlaka. Januari 2019 Rais John Magufuli alisitisha kuondolewa kwa vijiji 366 nchini vilivyodaiwa kuwa hifadhini, na baadaye mwaka huohuo Serikali ikaamua vijiji 920 kati ya 975 vyenye migogoro ya aina hiyo vibaki. Uamuzi huo uliokoa nyumba nyingi. Lakini haumlindi aliyejenga katika msitu peke yake, nje ya kijiji kinachotambuliwa. Huyo nyumba yake ndiyo rahisi kuliko zote kujenga na rahisi kuliko zote kupoteza.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Vijiji kadhaa vya Wilaya ya Tanganyika vinavyopakana na misitu ya Ntakata hulipwa fedha za biashara ya hewa ukaa kwa sababu vimetenga msitu na kuuacha bila kukatwa. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Sharti lake ni mpango wa matumizi bora ya ardhi unaoonesha wazi wapi ni makazi, wapi ni mashamba na wapi ni msitu. Kijiji kilichokwisha kuchora mstari huo kinajua pia kina nafasi ya nyumba ngapi.

Wapangaji hawana pa kusemea

Kundi linalosahaulika zaidi ni la wapangaji: walimu wapya, wauguzi, wafanyabiashara wa mazao, wanafunzi wa sekondari za kata waliotoka mbali. Vijijini nyumba za kupanga ni chache, na mwenye chumba chenye sakafu ya saruji na umeme hupanga bei anavyotaka.

Zamani palikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, iliyomruhusu mpangaji kulalamika kwenye baraza. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba ni mkataba tu, na desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo imeota mizizi.

Mjini, mzigo mwingine uliingia kupitia LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa wakati wa kununua umeme, Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi Sh1,500. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Anayeingiza namba za umeme kwenye mita, hata hivyo, mara nyingi ni mpangaji, na ni wachache wanaoidai irudishwe siku ya kulipa pango.

Sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2032. Kasi ya sasa ikiendelea, Katavi utakuwa na watu takriban milioni 2.3. Kwa wastani wa taifa wa watu 4.3 katika kila kaya, hizo ni kaya mpya zaidi ya 270,000 zinazohitaji paa ndani ya muongo mmoja, sawa na zaidi ya nyumba 70 kila siku.