Jiko Mgongoni

Mtu mnene huhukumiwa upesi. Twasema ni mlafi, ama mvivu, na kesi imekwisha. Lakini mwili una mahesabu yake, na moja ya mahesabu hayo liliwachukua wataalamu zaidi ya karne nne kulielewa.

Mwaka 1551 Conrad Gessner wa Zurich aliandika habari za mamoti, mnyama wa milima ya Alps, jamii ya kindi, alalaye majira yote ya baridi. Kati ya mabega yake mlikuwa na kitu kisicho mafuta wala nyama. Waliofuata walikiita tezi ya usingizi huo. Ni katika miaka ya 1960 ndipo kazi yake ilipobainika: ni jiko. Mafuta meupe ni ghala. Haya ya kahawia huchoma. Rangi yake hutokana na wingi wa mitokondria, vinu vidogo vya seli vyenye madini ya chuma. Kwingineko vinu hivyo hutengeneza nguvu ya kazi. Humu protini maalumu huivujisha, ikatoka kama joto tu. Mtoto mchanga, asiyeweza kutetemeka vizuri kwa baridi, hulitegemea.

Mwaka 1979, Uingereza, Nancy Rothwell na Michael Stock walieleza kwamba panya waliolishwa vinono walichoma sehemu ya ziada kwa mafuta hayo. Matumaini yakapanda, kisha yakapoa, kwani iliaminika kuwa mtu mzima hana mafuta ya kahawia ya maana.

Waliolifufua suala hili walikuwa wakitafuta saratani! Mashine ya PET huonyesha mahali sukari yenye mnururisho inapotumiwa kwa wingi, kwa kuwa uvimbe wa saratani huila kwa pupa. Shingoni mwa baadhi ya wagonjwa kulionekana mng'aro usio wa saratani, nao ulipungua walipopashwa joto. Mwaka 2009 watafiti wa Boston, Maastricht na Turku walithibitisha chanzo chake. Huko Maastricht wanaume 24 walikaa kwenye nyuzi 16. Jiko likawaka kwa 23, ila kwa wanene likawaka hafifu.

Hapo ndipo penye kazi. Je, jiko hafifu ndilo linenepeshalo, au mnene, akiwa amefunikwa na blanketi lake mwenyewe, halihitaji? Mimi sioni hukumu ya haraka hapa. Wenye kusaka kidonge hawakungoja jibu: mwaka 2015 ilitangazwa kwamba mirabegron, dawa ya kibofu, ikitolewa kwa kipimo kikubwa, iliwasha jiko la vijana wenye afya. Mapigo ya moyo nayo yakaongezeka.