Mtanzania kununua nyumba Kenya: sheria, hatua na gharama zake

Wadau, wabongo wengi wenye biashara zao Nairobi na Mombasa wanaamini kwamba kwa kuwa wote tupo Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi kununua kiwanja kule ni kama kununua Kibaha. Siyo kweli. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kazi Julai 2010, imeacha mambo ya ardhi yaamuliwe na sheria za kila nchi. Kwenye ardhi ya Kenya, Mtanzania na Mjerumani wamepanga foleni moja.

Sheria yenyewe ni kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Asiye raia anamiliki ardhi kwa muda tu, usiozidi miaka 99. Hata muuzaji akuonyeshe karatasi ya miaka 999, kwako inasomeka 99. Halafu ukinunua hati ya muda kutoka kwa mtu, unachukua miaka iliyobaki tu, hauanzi upya. Hati ya miaka 99 iliyoanza 1975 inaisha 2074, kwa hiyo uliza mwaka ilipoanza kabla hujauliza bei.

Sasa hapa ndipo watu wanapolia: mashamba. Ardhi ambayo bado inahesabika kuwa ya kilimo haiuzwi bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na bodi haitoi kibali kwa mgeni labda Rais atoe msamaha maalum. Bila kibali mauziano ni batili. Sheria inasema unaweza kudai hela yako kama deni, ila kudai na kulipwa ni vitu viwili tofauti, na muuzaji keshanunua pikipiki. Vile viplot vya bei poa nje ya miji mara nyingi ni shamba lililokatwa vipande, matumizi hayajabadilishwa. Mwambie muuzaji abadilishe matumizi kwanza, ndiyo mrudi mezani.

Kuna wanaosema "weka jina la shemeji yako Mkenya". Katiba imeshaliona hilo. Mali inayoshikwa kwa niaba ya mtu mwingine inahesabika ya raia pale tu wanaofaidika wote ni raia. Kampuni nayo hivyo hivyo, mgeni akiwa na hisa hata moja kampuni siyo raia tena. Na shemeji akifariki, watoto wake wanaona jina la baba yao kwenye hati, wewe hawakujui.

Haya, tuseme umepata apatimenti mjini yenye hati safi. Tafuta wakili wako mwenyewe, usitumie wa muuzaji. Yeye ataangalia kwenye masjala ya ardhi kama jina la kwenye hati ndilo la anayekuuzia, na kama benki haijaishikilia kwa mkopo. Nairobi mambo haya yanapitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021. Wewe unahitaji pasipoti, picha na PIN ya KRA, ambayo ni kama TIN yetu. Bila hiyo ushuru wa stempu haulipiki. Mkishasaini unatoa asilimia 10, inakaa kwa wakili wa muuzaji, na inayobaki kwa kawaida ndani ya siku 90. Muuzaji alete hati halisi, uthibitisho kwamba hadaiwi kodi ya ardhi wala ya kaunti, na ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa. Hii ya mwisho msiichukulie poa, mke anaweza kuusimamisha uuzaji mahakamani.

Hela sasa. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 vijijini, unalipa mnunuzi, na unapigwa kwa thamani anayotoa mthamini wa serikali. Mkidanganya bei kwenye mkataba mnajisumbua bure. Wakili mwekee kama asilimia 2, juu yake VAT ya 16. Kwa nyumba ya shilingi za Kenya milioni 5 ni 200,000 za stempu, 100,000 za wakili na 16,000 za VAT. Jumla 316,000 juu ya bei, bado ada ndogo ndogo za usajili. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji. Akikwambia mgawane, kataa.

Kwa wale wa Mombasa kuna kitu kinaitwa nyumba bila ardhi. Unanunua ukuta na bati, udongo una mwenyewe na unamlipa kodi. Bei yake inavutia sana, kumbe hati ya ardhi hupati kabisa. Ukisikia bei ya Mombasa iko chini mno, swali la kwanza ni "na ardhi ya nani?"